Lugha Iliyokosa Matanga

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, kwenye kanisa kuu la Worcester, magharibi ya Uingereza, aliishi mtu aliyesoma vitabu vya wazee wake kama mgeni. Huenda alikuwa mtawa. Jina lake halikuhifadhiwa. Kilichobaki ni mwandiko wake, na mwandiko huo hausahauliki, kwa kuwa mkono ulioushika wino ulikuwa ukitetemeka: herufi zimelalia kushoto, na kila mstari mrefu umejikunja-kunja kama uliochorwa juu ya gari linalokwenda. Wanazuoni wakamwita Mkono Unaotetemeka, na ndilo jina lake hadi leo. Mwaka 2015 mtafiti wa miswada na daktari wa mishipa ya fahamu waliuchunguza mwandiko huo kwa pamoja, wakaona kuwa yaelekea ulikuwa ule mtetemeko wa mikono unaowapata watu wengi na kuzidi kadiri wanavyozeeka.

Kazi yake ilikuwa hii. Alichukua vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza cha kale, vingine vikiwa na umri wa miaka 100, vingine zaidi ya 300, akavipitia neno baada ya neno. Alipofika penye neno gumu aliandika maana yake juu ya mstari au pembezoni mwa ukurasa. Mara nyingine alitumia Kiingereza cha siku zake. Mara nyingi zaidi alitumia Kilatini. Vitabu vyenye alama za mkono wake vinavyojulikana ni kama 20, na maelezo yake madogo madogo yanakaribia 50,000. Kwa mkono usiotulia, hiyo ni kazi ya umri mzima.

Kila nikimfikiria mtu huyu nashindwa kupita upesi. Alikuwa Mwingereza, ndani ya Uingereza, mbele ya kitabu cha Kiingereza kilichotunzwa katika kanisa lake mwenyewe, na ili akielewe ilimbidi akikimbilie Kilatini. Hakuhamishwa nchi. Hakuchukuliwa utumwani akasahaulishwa kwao. Baina yake na walioviandika vitabu vile kina mama waliwasemesha watoto wao, watoto wakakua wakawasemesha wa kwao, na hakukupita hata usiku mmoja ambao watu wa Worcester walilala bila lugha. Lakini mahali fulani katika mfululizo ule usiokatika kitu kilipotea, kikubwa, na hakuna aliyekisikia kikianguka.

Kwetu sisi Kiingereza kilikuja na bendera, mahakama na kiboko cha shule. Tumekijua kikiwa kimeshashinda. Tumewaona watoto wakivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, na hadi leo wapo wazazi wanaoona fahari mtoto akishindwa kuongea na bibi yake. Kukililia Kiingereza si jambo linalotujia wepesi. Hata hivyo nakililia hiki cha Worcester, kile cha kabla ya bendera, kwa sababu kimenifundisha kuhusu msiba jambo ambalo lugha zilizokufa kabisa hazikunifundisha.

Kimoja cha vitabu alivyovipitia Mkono Unaotetemeka kipo Oxford sasa, katika maktaba ya Bodleian. Kiliandikwa wakati wa Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex kuanzia mwaka 871 hadi 899. Waviking walikuwa wamechoma makanisa na maktaba karibu nchi nzima. Alfred alipopata nafasi ya kupumua aligeukia vitabu. Alikifasiri kitabu cha Papa Gregori Mkuu kuhusu kazi ya uchungaji, akaamuru kinakiliwe na kila askofu wake apelekewe nakala. Hii ya Oxford ni ile iliyopelekwa Worcester kwa Askofu Wærferth, na mwanzoni mwake imo barua ya mfalme.

Barua yenyewe ni maombolezo. Alfred anasema elimu imeporomoka kiasi kwamba kusini ya mto Humber ni wachache mno wanaoweza kugeuza barua ya Kilatini kuwa Kiingereza. Anakumbuka makanisa yalivyojaa vitabu kabla ya moto, na watumishi wa Mungu waliovitazama bila faida kwa kuwa havikuwa katika lugha yao. Anawawaza wazee waliopenda hekima, ambao njia waliyopita bado inaonekana lakini hakuna tena anayejua kuifuata. Kisha anatoa shauri lake: vitabu vinavyohitajika kuliko vyote vifasiriwe katika lugha ambayo sote twaielewa, na vijana huru wenye uwezo wafundishwe kwanza kusoma Kiingereza.

Lugha ambayo sote twaielewa. Zaidi ya miaka 300 baadaye, juu ya mistari ya kitabu hichohicho, mkono unaotetemeka uliandika Kilatini ili Kiingereza kipate kueleweka. Mfalme alimtoa mtu wake katika Kilatini akampeleka nyumbani. Yule mzee wa Worcester aliukuta mlango wa nyumbani umefungwa, akazunguka kutafuta ufunguo kwenye Kilatini.

Na nyumba hiyo ilikuwa kubwa. Baadhi ya waandishi wa leo husimulia historia ya Kiingereza kama vile kilianza kikiwa lugha ya wakulima, kikapata heshima baadaye kwa maneno ya Kifaransa. Si kweli. Kabla ya mwaka 1000 Kiingereza kilikuwa na sheria zake, tiba, mahubiri, historia ya mwaka kwa mwaka, mafumbo na mashairi marefu. Kilikuwa na namna ya kuandika iliyokubalika karibu nchi nzima, ikiongozwa na mji wa Winchester. Ælfric, aliyekuja kuwa abati wa Eynsham, aliandika kwa Kiingereza kitabu cha sarufi ya Kilatini wakati ambapo hakuna taifa jingine la Ulaya Magharibi lililokuwa limefanya hivyo kwa lugha yake ya kienyeji. Yule mzee wa Worcester alikipenda kitabu hicho kiasi cha kukinakili chote kwa mkono wake, na alipokuwa akinakili aliyageuza maneno ya Ælfric yalingane na matamshi ya siku zake. Alikuwa akiokoa na kubadilisha kwa mpigo mmoja wa kalamu.

Ukiuliza lugha ile ilipotea lini, utapewa tarehe: 14 Oktoba 1066, siku Mfalme Harold alipouawa vitani Hastings na William wa Normandia akaichukua nchi. Tarehe hiyo ina ukweli wake. Katika muda wa kizazi kimoja karibu wakuu wote wa Kiingereza walinyang'anywa ardhi, na karibu kila askofu au abati aliyekufa nafasi yake ilishikwa na mtu wa ng'ambo. Kiingereza hakikupigwa marufuku. Kilikosa tu watu wa kukilipia: wa kununua ngozi za kuandikia, wa kuwalisha wanakili, wa kuweka shule. Winchester ikanyamaza.

Worcester ilichelewa kunyamaza, kwa sababu ya mtu mmoja. Askofu Wulfstan, aliyewekwa mwaka 1062, aliachwa kwenye kiti chake hadi alipofariki mwaka 1095, akiwa wa mwisho katika maaskofu wa Kiingereza waliokuwapo kabla ya ushindi wa Wanormani. Chini yake Kiingereza kiliendelea kuandikwa na kunakiliwa. Alipokufa, mtawa wake Coleman aliandika habari za maisha yake, kwa Kiingereza. Kitabu hicho kimepotea. Tulicho nacho ni tafsiri yake ya Kilatini iliyofanywa na William wa Malmesbury. Kwa hiyo hata kumbukumbu ya mtu aliyekishikilia Kiingereza mpaka pumzi ya mwisho imetufikia kwa lugha nyingine.

Lakini tarehe ile inadanganya pia, kwa kuwa uharibifu mwingine ulikuwa umeshaanza bila upanga. Sisi tunaosema Kiswahili tuna njia nzuri ya kuuelewa. Tukisema vitabu vyangu viwili vimepotea, kila neno linamjibu mwenzake, na mtoto wa miaka minne hakosei. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na maneno ya kujibizana. Nomino ziligawanyika katika jinsi tatu, na kila mgawanyo ulikuwa na miisho yake kulingana na kazi ya nomino katika sentensi. Sifa na viashiria vikafuata. Jua lilikuwa la kike na mwezi wa kiume, na neno la kawaida la kumtaja mwanamke halikuwa la kike wala la kiume. Miisho hiyo ilianza kufifia mapema, hasa kaskazini, ambako Wadenmark walikuwa wamelowea na kuoana na wenyeji. Lugha zao mbili zilikuwa ndugu. Mashina ya maneno yalifanana, miisho haikufanana, na watu wanaotaka kuuziana ng'ombe na kuozeshana mabinti hawagombanii miisho. Zaidi ya hayo Mwingereza hukaza sauti mwanzoni mwa neno, na mkia wa neno usiokazwa hulegea. Vokali tofauti za mwisho zikafanana, kisha zikanyamaza.

Upo mswada unaoonyesha jambo hili kama mtu anavyoonyesha kidonda. Mwaka 1116 moto uliiteketeza abasia ya Peterborough pamoja na vitabu vyake. Watawa waliazima nakala ya historia ya nchi, wakainakili upya hadi mwaka 1121 kwa Kiingereza cha kale kilichonyooka, kisha wakaendelea kuongeza habari za kila mwaka wenyewe. Sehemu ya mwisho, inayofika mwaka 1154, inasimulia vita vya wakati wa Mfalme Stephen: ngome zilizojaa wanaume wakatili, watu walioteswa watoe mali zao, mashamba yasiyolimwa. Na Kiingereza chake si kilekile tena. Jinsi zimeondoka. Miisho mingi imekwisha. Ndani ya jalada moja, katika abasia moja, mtu anaanza kusoma katika lugha moja na kumaliza katika nyingine. Baada ya mwaka 1154 historia ile haikuendelezwa.

Mtu akifa kuna siku na kuna saa. Kuna kaburi. Jirani wanakuja, watu wanakaa matanga, kisha matanga yanaanuliwa na mfiwa anarudi kwenye shughuli zake akijua kuwa amefiwa. Msiba wa Kiingereza cha kale haukuwa na lolote katika hayo. Hakuna kizazi kilichoamka asubuhi kikajikuta bubu. Kila mtoto alipokea lugha kamili, yenye kutosha kugombea, kubembeleza, kuhesabu na kusali, na kile ambacho wazazi wake walikiacha njiani hakukijua hata akakikosa. Hasara iligawanywa vipande vidogo mno kati ya watu wengi mno, hata hakuna aliyepata fungu kubwa la kutosha kulilia. Na kwa kuwa lugha iliendelea kuitwa Kiingereza, nani angetangaza tanzia?

Wataalamu wa isimu hunijibu kwamba hili si msiba. Lugha hubadilika, wanasema. Inachopoteza huku hukipata kule. Kiingereza kilipoteza miisho, kikapata mpangilio thabiti wa maneno. Kilipoteza maneno yake, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba karibu asilimia 85 ya msamiati wa kale hautumiki tena, kikajaza pengo kwa Kifaransa na Kilatini, na leo hakuna jambo ambalo hakiwezi kulisema. Nakubali kila neno la hoja hiyo isipokuwa hitimisho lake. Hatupimi msiba kwa uwezo wa mfiwa kuendelea kuishi. Wafiwa wengi huendelea kuishi, tena vizuri, na waliyempoteza bado amepotea.

Zaidi ya hayo, si kweli kwamba kila kitu kilijazwa.

Kiingereza cha kale kilikuwa na nafsi ya wawili. Waliosoma Kurani wanaijua namna hii kutokana na Kiarabu: ipo ya mmoja, ipo ya wawili, ipo ya wengi. Mwingereza wa wakati wa Alfred alikuwa na neno la sisi sote, na neno jingine, wit, la sisi wawili, mimi na wewe, bila mtu wa tatu. Alikuwa na git la ninyi wawili. Alikuwa na uncer la kumiliki: kilicho chetu sisi wawili tu. Halikuwa pambo la washairi. Beowulf, shujaa wa shairi refu linaloitwa kwa jina lake, anapokumbushwa shindano la kuogelea baharini na rafiki yake wa ujanani, ndilo analolitumia kueleza walivyokuwa, vijana wawili katika maji ya baridi. Lakini ni katika mapenzi na katika mateso ndipo neno hili linapokata. Katika shairi moja mwanamke aliyetengwa na mumewe anakumbuka kiapo chao kwamba ni kifo pekee kitakachowatenganisha, na kila anapowataja yeye na mume wake wamo ndani ya neno hilo, wamefungiwa humo pamoja, hata baada ya kutengana. Sarufi inawashika walioachana. Katika shairi jingine, fupi, mwanamke anamwambia mwanamume kwamba ni rahisi kutenganisha kisichowahi kuunganishwa, na kisichowahi kuunganishwa ni wimbo wao wawili. Neno la uwili ndilo linalobeba uchungu wote, kwa sababu linataja umoja ambao haukuwahi kuwapo.

Huko Ruthwell, kusini ya Scotland, upo msalaba wa mawe wa karne ya 8, wenye urefu unaozidi mita 5, uliochongwa herufi za kale za rune. Maneno yake yanafanana na sehemu ya shairi ambalo ndani yake msalaba wa Kristo unajisimulia wenyewe: jinsi ulivyokuwa mti, ukakatwa, ukalazimishwa kumbeba Bwana wake. Unaposema kwamba watu waliwadhihaki wote wawili pamoja, yeye aliyetundikwa na mti uliomtundika, neno lililochongwa ni lile la uwili. Mchongaji aliliona linafaa kudumu katika jiwe. Katika miaka ya 1640, kwa amri ya Kanisa la Scotland lililoona ni sanamu, msalaba ule ulivunjwa vipande, na mchungaji wa mahali hapo akaja kuusimamisha tena katika karne ya 19. Jiwe liliunganishwa. Neno halikurudi, kwa kuwa katika usemi lilikuwa limeshaondoka karne ya 13, wakati uleule ambapo Mkono Unaotetemeka ulikuwa ukifanya kazi. Yaelekea watoto aliowasikia wakicheza nje ya kanisa ndio waliokuwa wakiliacha.

Leo wapenzi wawili wa Kiingereza wakisema sisi, wanatumia neno lilelile linalotumiwa na jeshi, kampuni na umati wa uwanjani. Wanaelewana, najua. Lakini kulikuwa na chumba cha watu wawili katika lugha yao, na ukuta wake umebomolewa.

Baada ya lugha kupotea, ilibaki kupoteza vitabu, na hilo nalo lilifanyika kwa ukamilifu. Mwaka 1490 William Caxton, mtu aliyeleta uchapaji Uingereza, aliandika katika dibaji kwamba abati wa Westminster alimwonyesha hati za kale ili azigeuze katika Kiingereza cha wakati ule. Aliona zinakaribia zaidi Kijerumani kuliko Kiingereza, na hakuweza kuzielewa. Mtu ambaye mkate wake ulikuwa maneno ya Kiingereza! Vitabu ambavyo hata yeye hakuweza kuvisoma vingetetewa na nani? Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa kuanzia mwaka 1536, maktaba zao ziliuzwa pamoja na mabati ya risasi na kengele. John Bale, aliyewachukia watawa lakini akavipenda vitabu, alieleza kwa hasira mwaka 1549 jinsi kurasa zilivyotumiwa kusugulia vinara na buti, na nyingine kuuzwa kwa wenye maduka na wauza sabuni wafungie bidhaa.

Vilivyookoka vilikusanywa na watu wachache waliojali. Mmoja wao alikuwa Sir Robert Cotton, aliyefariki mwaka 1631. Kabati zake ziliitwa kwa majina ya watawala wa Roma waliokuwa na sanamu juu yake, na mswada pekee wa Beowulf uliopo duniani ulikaa chini ya Vitellius. Tarehe 23 Oktoba 1731 nyumba ya Ashburnham, Westminster, ilikohifadhiwa maktaba ile, ilishika moto usiku. Mkutubi, Dkt. Bentley, alionekana akitoka na nguo za kulalia, kwapani amebeba Biblia ya Kigiriki ya karne ya 5. Vitabu vingine vilirushwa dirishani. Katika miswada 958, 114 iliungua au ikaharibika kabisa na 98 ilidhurika. Maisha ya Mfalme Alfred yaliyoandikwa na Asser, aliyemjua mfalme uso kwa uso, yaliteketea katika nakala yake pekee ya kale. Shairi la vita vya Maldon vya mwaka 991 liliungua. Tunalisoma kwa sababu tu mtu mmoja alikuwa amelinakili na likachapwa mwaka 1726, miaka mitano kabla ya moto. Beowulf ilitoka ikiwa na kingo zilizobabuka, na kwa miaka iliyofuata herufi za pembeni zikawa zinamomonyoka kila ilipofunuliwa.

Kitabu cha Exeter kilipata adhabu tofauti. Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, alilizawadia kanisa lake kitabu kikubwa cha mashairi ya Kiingereza. Hakuna aliyekiiba wala kukichoma kwa makusudi. Kiliachwa. Ukurasa wake wa mwanzo una alama za kisu, kama ubao wa kukatia, na duara la chombo cha kinywaji kilichomwagika. Kitu cha moto kiliwekwa juu ya kurasa za mwisho kikatoboa hadi ndani. Katika kurasa hizo limo shairi la mtu anayetembea katika magofu ya mji ulioachwa na Waroma, akitazama paa zilizoanguka na mabafu ya maji moto, na kuwawaza waliojenga. Moto umekula katikati ya shairi hilo. Na mwanamke yule mwenye kiapo cha watu wawili yumo katika kitabu hichohicho.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa shairi la magofu ni nini. Tunalo la kwetu, Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaipitisha nafsi yake katika majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na zulia na sasa yana popo na buibui. Lakini wengi wetu, watu wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, tukilifungua shairi hilo tunahitaji faharasa ya maneno chini ya ukurasa. Halikuandikwa zamani mno. Lina miaka kama 200 tu. Kiswahili chake ni cha kaskazini, na Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930 chini ya Waingereza, kilijengwa juu ya Kiunguja. Silalamikii uchaguzi huo. Umetupa lugha ya kuzungumza kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Nasema tu kwamba mzee wa Lamu aliyeona mjukuu wake akisahihishwa shuleni kwa kusema kama babu yake angemwelewa vizuri sana yule wa Worcester. Na yeye pia hakukaliwa matanga, maana lugha ya mjukuu bado inaitwa Kiswahili.

Narudi kwa vitabu vya Worcester, kwa sababu kuna jambo moja sijalitaja. Nyuma ya ile sarufi ya Ælfric aliyoinakili, Mkono Unaotetemeka uliandika shairi fupi. Linawataja walimu wa zamani kwa majina: Beda, Ælfric, na maaskofu kadhaa. Hawa, linasema, waliwafundisha watu wetu kwa Kiingereza. Sasa mafundisho yale yameachwa, watu wengine ndio wanaotufundisha, na walimu wanapotea na watu pamoja nao. Hakuna anayejua aliyelitunga. Lakini aliyelihifadhi tunamjua. Katika watu wote walioishi katikati ya upotevu ule, yeye alikuwa miongoni mwa wachache mno walioelewa kwamba kuna maiti ndani ya nyumba, na akakaa nayo, akiitamkia majina yake moja baada ya jingine.

Baadaye mtu akakikata-kata kitabu kile na kugandisha kurasa zake pamoja, akatengenezea jalada la kitabu kingine. Sir Thomas Phillipps alizigundua kurasa hizo ndani ya jalada katika karne ya 19, akachapisha yaliyomo mwaka 1838. Maombolezo ya lugha yalikuwa yametumika kama kadibodi.

Katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kuna watu wanaotunga kamusi ya Kiingereza cha kale kwa kusoma kila andiko lililosalia, maneno kama milioni 3 kwa jumla. Wanakwenda herufi baada ya herufi, na kila neno hukusanyiwa mahali pote linapotokea kabla maana yake haijaandikwa. Angus Cameron, aliyeiasisi kazi hiyo katika miaka ya 1970, alifariki mwaka 1983, kabla ya herufi ya kwanza kuchapwa. Wengine walishika pale alipoachia. Mwaka 2018 walikuwa wameshamaliza I. Maneno ya watu wawili, uncer na wit, yako chini ya U na W, na kabla ya kuyafikia ni lazima wavuke M, na S ambayo ni ndefu kupita kiasi. Baadhi ya wanaofanya kazi hiyo sasa watakuwa wamestaafu au wamefariki zamu ya maneno hayo itakapofika, na wanaifanya hata hivyo.